20W-50 au 5W-30: oili ipi kwa gari la mtumba kutoka Japani?

Jumamosi, saa nne asubuhi, gereji moja ya Tabata. Juu ya boneti ya Toyota IST yangu kuna madumu mawili ya lita nne. La kushoto ni 20W-50 ya madini. La kulia ni 5W-30 sintetiki kamili, bei yake maradufu na chenji. Fundi ameshamwaga oili chafu, anafuta nati ya chini kwa tambara, na bila kuinua kichwa ananiuliza, "Bosi, tunaweka ipi?" Sijafungua mdomo, anajijibu mwenyewe: "Kwa hili joto la Dar weka nzito tu. Hiyo nyepesi ni ya kule kwenye barafu."

Jibu hilo nimelikuta karibu kila gereji niliyopeleka gari. Linaingia akilini haraka, kwa sababu kila mtu ameona samli ikiyeyuka: kitu kikipata moto kinalainika, basi anza na kizito ili kikilainika kibaki na nguvu. Nililifuata miaka miwili. Leo naliona ni kosa, au tuseme ni jibu la swali jingine, na nitaeleza kwa nini kwa kuyaweka madumu hayo mawili na ndugu zao upande kwa upande.

Namba za kwenye dumu

Oili ya magari mengi ya siku hizi ina namba mbili. Ya mbele, yenye herufi W, inahusu baridi; W imetoka kwenye neno la Kiingereza la majira ya baridi. Inapimwa katika baridi ambayo sisi hatutaiona: 5W hupimwa kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, 20W kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri. Hata Makete mwezi wa Julai, majani yakiwa meupe kwa sakitu, hatufiki huko. Namba ya nyuma hupimwa kwenye nyuzi 100, yaani injini ikiwa imeshachemka na inafanya kazi.

Wengi hudhani 5W-30 inaanza nyepesi kisha inakuwa nzito. Hakuna oili inayofanya hivyo. Zote hulainika zikipata moto. Tofauti ni kwamba 5W-30 haigandi sana ikiwa baridi, na ikichemka hailainiki kupita pale inapotakiwa kuishia.

Hapa chini nimeweka uzito wenyewe, ambao wataalamu huuita mnato, kwa kipimo cha sentistoki. Safu ya nyuzi 100 ndiyo mipaka iliyowekwa na SAE, chama cha wahandisi wa magari cha Marekani. Safu ya nyuzi 40 ni makadirio ya oili za kawaida madukani; kila kampuni hutofautiana kidogo.

| Daraja | Kwenye nyuzi 40 | Kwenye nyuzi 100 |
|---|---|---|
| 0W-20 | kama 45 | 6.9 hadi 9.3 |
| 5W-30 | 55 hadi 70 | 9.3 hadi 12.5 |
| 10W-30 | 65 hadi 75 | 9.3 hadi 12.5 |
| 15W-40 | 105 hadi 115 | 12.5 hadi 16.3 |
| 20W-50 | 160 hadi 175 | 16.3 hadi 21.9 |

Mabishano yote ya gereji huwa kwenye safu ya kulia. Mimi nakuomba ukae kwenye ya kati. Nyuzi 40 ni injini ambayo bado haijachemka, na alfajiri ya Dar, gari likiwa limelala nje kwenye nyuzi 24 au 25, pengo linazidi hapo. Wakati huo 20W-50 ni nzito karibu mara tatu ya 5W-30. Ndiyo oili ambayo pampu inatakiwa kuinyonya kutoka chini na kuipandisha mpaka juu kwenye kemshafti, ule mhimili unaofungua valvu, ndani ya sekunde chache, huku vyuma vikiwa vimeshaanza kuzunguka. Nairobi mwezi wa Julai, asubuhi ya nyuzi 11 au 12, pengo ni kubwa zaidi.

Mimi nililisikia kwa masikio. Ile miaka miwili ya 20W-50, kila asubuhi nikiwasha, kulikuwa na mlio: *krrrr*, sekunde mbili, kisha kimya. Jirani yangu mwenye Vitz alikuwa nao vilevile, tukauzoea kama jogoo. Injini ya 1NZ ya IST inatumia cheni badala ya mkanda, na cheni hiyo hukazwa na kidude kinachosukumwa na oili yenyewe. Oili isipofika, cheni inalegea na kupiga kelele. Nilipohamia 5W-30 mlio ulikwisha wiki hiyohiyo. Siwezi kuapa kwamba kila cheni inayolia inaponywa na oili, kwa sababu cheni ikishachoka imechoka, ila yangu ilinyamaza.

Kuna na VVT-i, hayo maandishi tunayoyapenda pale juu ya injini. Mfumo huo hugeuza muda wa kufunguka kwa valvu kwa kutumia msukumo wa oili, ikipita kwenye vijia vyembamba na kichujio kidogo cha wavu. Oili kwenye injini za aina hii inalainisha, na juu ya hapo inafanya kazi ya mkono: inasukuma vitu. Ukiipa oili nzito kupita kiasi, au yenye matope, mkono unachelewa.

Joto la Dar

Turudi kwa fundi. Injini haina habari na joto la nje kama tunavyodhani. Ina thamostati, na kwenye Toyota nyingi za kawaida hufunguka maji yakifika nyuzi 80 na kitu. Kazi yake ni kuhakikisha injini inafanya kazi katika joto lilelile, liwe liko Dar, Arusha au Tokyo. Kama rejeta ni nzima, feni inazunguka na maji yamo, oili ndani ya injini haijui uko Kinondoni.

Halafu Tokyo yenyewe haiko kwenye barafu. Mwezi wa Agosti nyuzi 35 pale ni jambo la kawaida, na foleni wanazo. Dar kufika 35 ni habari. IST yako iliishi miaka yake ya ujana katika joto hilo kwa oili nyepesi.

Ushahidi huenda umo ndani ya gari lako. Fungua mlango wa dereva, angalia kwenye fremu, au inua boneti. Magari mengi bado yana kistika cha mara ya mwisho kubadilishwa oili Japani. Maandishi ni ya Kijapani, lakini tarakimu hazina Kijapani. Changu kilikuwa na H23, yaani mwaka wa 23 wa enzi ya Heisei, ambao kwetu ni 2011, na kilomita pembeni. Kama muuzaji hakukitupa kitabu cha gari, nacho ni vilevile: pitia kurasa mpaka uone 5W-30 au 0W-20. Magari mapya zaidi yameandikwa kwenye kifuniko chenyewe cha kumiminia oili.

Kinachopandisha joto la oili kweli ni mzigo. Kupanda Kitonga watu watano na mabegi, kuvuta tela, kukanyaga mafuta kutoka Chalinze mpaka Morogoro bila kupumua. Mtu anayeishi hivyo ana sababu ya kufikiria oili ya 40. Anayetoka Kimara kwenda Posta na kurudi hana.

Nisimwonee fundi, lakini. 20W-50 si sumu. Vitabu vya Toyota zilizotengenezwa kwa ajili ya masoko yetu, za akina Hilux na Land Cruiser, huwa na chati ya joto, na ndani yake 15W-40 na 20W-50 zimo kabisa. Injini haitakufa kwa sababu ya 20W-50. Utailipia polepole: mafuta zaidi kidogo, na ule muda wa kuwasha asubuhi. Kuhusu mafuta, serikali ya Marekani huwaambia madereva wake kwamba kuweka 10W-30 kwenye injini iliyotengenezewa 5W-30 kunapunguza umbali unaokwenda kwa lita kwa asilimia 1 hadi 2. Hiyo ni hatua moja tu. 20W-50 ni hatua kadhaa mbele.

Na ina mahali pake pa haki: Land Rover za zamani, Peugeot 504 ambayo bado inapanda Lushoto, Corolla za kabureta. Injini hizo zilizaliwa nayo.

Kwa mwenye IST, Vitz, Raum, Premio au Probox ya petroli isiyokula oili, chaguo langu ni 5W-30. Asipoipata ya uhakika, 10W-30. Kwenye injini iliyochemka ni uzito uleule. Ukiwa Sumbawanga au Kasulu na duka lina 10W-30 unayoiamini na 5W-30 ya kubahatisha, usifikirie mara mbili, chukua ya kumi.

Wasomaji wa Kenya mna hesabu tofauti kidogo. Kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, Mombasa inashusha magari mapya kuliko yale yanayoshushwa Dar, ambako gari kuukuu linaingia ila kodi yake inapanda na uzee. Matokeo ni kwamba Nairobi kuna Vitz, Aqua na Note nyingi ambazo kitabu chake kinataka 0W-20, na mengine mapya zaidi 0W-16. Hizo msizipandishe mpaka 20W-50 kwa sababu fundi amesema joto ni kali. Kupanda kutoka 0W-20 kwenda 5W-30 kwa gari linalobeba mzigo naliona ni jambo la kawaida. Kuruka ngazi nne sivyo. Haibridi hasa, kama Aqua, injini inazimika na kuwaka yenyewe mara kadhaa kwenye safari moja, kwa hiyo ule muda wa oili kupanda juu unajirudia siku nzima.

Herufi mbili ambazo hakuna anayezisoma

Hapa ndipo pesa zetu zinapopotelea, kuliko kwenye namba. Geuza dumu, tafuta API. Ni taasisi ya mafuta ya Marekani, na baada ya jina lake kuna herufi mbili. S ni ya injini za petroli, C ni ya dizeli. Herufi ya pili inapanda na umri: SL ilitoka 2001, SM 2004, SN 2010, SP 2020, na SQ imeingia 2025. Ya juu inaweza kufanya kazi ya chini yake. Ya chini haiwezi kufanya ya juu.

Sasa nenda duka la barabarani ukasome madumu ya bei rahisi. Utakuta SF. Utakuta SG. API wenyewe wanasema SF haifai kwa injini nyingi za petroli zilizotengenezwa baada ya 1988. IST ya kwanza imetoka kiwandani 2002. Yaani oili hiyo ilikuwa imeshapitwa na wakati miaka 14 kabla gari lako halijazaliwa, na bado tunaiuziwa mwaka huu, ina picha ya gari la mashindano mbele.

Tofauti si ya karatasi tu. Oili ya daraja la zamani ina dawa chache za kuzuia matope na kutu, na inachoka mapema kwenye joto. Ukitaka kuona matokeo, omba fundi akufungulie kifuniko cha juu cha injini iliyolishwa SF miaka mitatu. Nimeona moja: tope jeusi limejaa kwenye pembe kama lami ya barabarani, unaweza kulichota kwa kijiko, na vile vijia vya VVT-i vimo humohumo.

Kwa hiyo ningelazimishwa kuchagua kati ya 20W-50 ya SN na 10W-30 ya SF, ningechukua ile nzito bila kusita. Namba ni muhimu. Herufi ni muhimu zaidi. SN inatosha kwa karibu kila gari la petroli la mtumba tulilonalo. SP ikiwa kwa bei ileile, chukua SP. Ililetwa zaidi kwa ajili ya injini mpya ndogo za turbo zinazopulizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda, na inalinda cheni dhidi ya kulika.

Kuna ujanja mmoja wa kuangalia. Oili yenye leseni ya API huwa na alama ya duara mfano wa andazi lenye tundu: juu daraja, katikati namba ya uzito. Madumu mengine hayana duara, yana maneno tu kwamba oili "inafikia" API SN. Huenda ni kweli. Ila hilo ni neno la mtengenezaji mwenyewe.

Madini, nusu, kamili

Oili ya madini ni mafuta ghafi yaliyosafishwa. Sintetiki imechakatwa kiwandani mpaka chembe zake zinalingana, kwa hiyo inavumilia joto na kukaa muda mrefu. Nusu sintetiki ni mchanganyiko, na hakuna sheria inayosema nusu iwe nusu kweli. Hata neno sintetiki lenyewe liligombaniwa: Mobil iliilalamikia Castrol mbele ya chombo cha kusimamia matangazo Marekani, na mwaka 1999 ikaamuliwa kwamba mafuta ghafi yaliyochakatwa kwa kina sana nayo yanaweza kuuzwa kwa jina hilo. Ndiyo maana dumu moja la sintetiki kamili linaweza kuwa na bei ya jirani yake mara mbili na yote mawili yakasema kweli.

Je, inalipa? Tupige hesabu ya mfano. Tuseme ya madini ni 50,000 na unaibadilisha kila kilomita 4,000. Sintetiki ni 110,000 na unakwenda 8,000. Filta 10,000, fundi 10,000. Kwa kilomita 8,000, ya madini inakula 140,000 kwa sababu kila kitu ni mara mbili. Sintetiki inakula 130,000. Badilisha bei zangu uweke za dukani kwako. Mara nyingi zinakaribiana hivyohivyo. IST ya 1NZ inachukua lita 3.7 pamoja na filta, kwa hiyo dumu la lita nne linakuachia kama robo lita ya kuongezea.

Hesabu hiyo inavunjika kwa watu wa aina mbili. Wa kwanza ni mwenye gari linalovuja au kuchoma oili: unaweka sintetiki ya bei, inatoka na moshi. Wa pili ni yule anayeamini kopo lililoandikwa kilomita 15,000.

Huyu wa pili nina neno naye. Kilomita hazihesabu foleni. Ukienda Dodoma kwa wastani wa kilomita 60 kwa saa, kilomita 5,000 ni kama saa 83 za injini kuzunguka. Ukienda Mbagala kwa wastani wa kilomita 15 kwa saa, kilomita zilezile 5,000 ni saa 333. Dashibodi inaonyesha namba moja, injini moja imefanya kazi mara nne ya mwenzake. Ndiyo maana mimi, mtu wa foleni, siendi zaidi ya 7,000 hata kwa sintetiki kamili, na ya madini sikuwahi kuivusha 4,000. Dereva wa Uber anayekesha mjini apunguze tena hapo. Mwenye gari la kwenda kanisani Jumapili tu, mwaka ukiisha amwage, hata kama kilomita hazijafika.

Gari linalokula oili

"Inakula oili, wekea 20W-50 itatulia." Hili nalo lina ukweli kidogo, ndiyo maana haliishi. Oili nzito hupita kwa shida kwenye ringi za pistoni zilizochoka, moshi unapungua kwa muda. Lakini ni kumfunga mgonjwa kitambaa kabla hujajua anaumwa nini.

Anza na vya bei rahisi. Kuna valvu ndogo ya kupumulia injini, fundi wengi huiita PCV. Ikiziba, injini inasukuma oili kwenye njia ya hewa. Itoe, itikise, isipolia tikitiki, imekufa. Kisha angalia moshi. Ukitoka wa bluu unapowasha tu asubuhi halafu unakwisha, shuku sili za valvu. Ukitoka muda wote ukikanyaga, shuku ringi. Kuna injini ambazo ugonjwa huu zilizaliwa nao: 1ZZ za mwanzo, zile za Corolla na Allion za mwanzoni mwa miaka ya 2000, pistoni zake zilikuwa na vitundu vidogo mno vya kurudisha oili, vikiziba ringi zinaganda. Toyota ilibadilisha pistoni baadaye. Hapo oili nzito inakupa muda, basi, na ukitaka muda huo panda ngazi moja au mbili, 10W-40, usirukie juu kabisa. Ikila chini ya lita moja kwa kilomita 2,000, mimi ningeongezea tu na kuendelea na maisha, nikichungulia kijiti kila Jumapili.

Ile hofu kwamba sintetiki inavujisha gari la zamani nayo ina asili yake. Haitoboi sili. Inaosha tope, na kama tope ndilo lililokuwa limeziba ufa, ufa unaonekana.

Wenye Subaru za turbo mimi siwabembelezi: sintetiki kamili, hakuna mjadala. Beringi ya turbo inaogelea katika oili, na ukizima injini ghafla baada ya kukimbia, oili iliyobaki pale inaungua na kuwa masizi magumu. Iache ingurume dakika moja kabla ya kuzima.

Dizeli ni nchi nyingine. Huko unasoma herufi za C, kwa sababu masizi ya dizeli yanahitaji oili inayoweza kuyabeba bila kuyatupa chini. Kwa Hilux na Prado za 1KD, au Land Cruiser ya 1HZ, 15W-40 ya CI-4 ni mtumishi mwaminifu. Oili kuwa nyeusi baada ya kilomita 500 kwenye dizeli ni dalili kwamba inafanya kazi, usimgombeze fundi. Dizeli mpya yenye kichujio cha masizi kwenye ekzosti inataka oili yenye majivu machache, mfano CK-4 au ile ya Ulaya iliyoandikwa C3. Ukiweka ya kawaida, kichujio kinaziba, na bei ya kichujio inanunua pikipiki.

Dumu lenyewe ni la kweli?

Mjadala wote huu ni bure kama ndani ya dumu mna oili chafu iliyochujwa na kutiwa rangi. Nimewahi kuuziwa. Dumu jipya, nembo safi, nilipomimina ilinukia kuungua, na baada ya wiki mbili ilikuwa nyembamba kama chai. Angalia pete ya kifuniko: ikifunguliwa lazima ikatike, na isiwe imegandishwa kwa gundi. Namba ya toleo iwe imechapwa kwenye dumu, isifutike kwa kidole kilicholowa mate. Alama ya TBS, au KEBS kwa waliopo Kenya, iwepo. Bei ikiwa chini sana ya madukani kote, jiulize nani anakulipia hiyo tofauti. Nunua mwenyewe, kituo cha mafuta au kwa wakala, nenda nayo gereji. Oili ya kupimiwa kutoka kwenye pipa niliiacha siku niliyoona pipa lenyewe halina kifuniko.

Jumamosi ile niliweka la kulia. Fundi hakubishana tena, alimimina, akasubiri, akachomoa kijiti, akakifuta, akakirudisha, akanionyesha alama: iko katikati ya matundu mawili, rangi ya asali. Tukawasha. Hakuna *krrrr*. Kijana wake alikuwa anakinga oili chafu kwenye beseni. Hiyo haitupwi, kuna mtu Goba anajenga, anapaka mbao zake zisiliwe na mchwa. Kisha akaniomba dumu tupu. "Kaka, nipe mimi, kuna jamaa anapita kuyanunua, analipa buku." Nikamwomba msumari na nyundo kwanza. Nililitoboa ubavuni mara tatu, nikampa na buku yake.